Jina Ambalo Sikulitaja Mwaloni

Mpendwa baba mkwe,

Shikamoo. Najua ungeitikia huku umegeuza uso pembeni, ukimtazama kuku au mgomba wowote uliokuwa karibu, ndiyo maana nami nimeketi upande upande, meza ikielekea dirishani. Barua hii naiacha wazi, asome atakayesoma. Mimi na wewe hatukuwahi kuwa na mazungumzo ya siri. Kila ulichotaka kuniambia kwa miaka kumi na sita ulikiambia kitu kingine, mimi nikasikia, na majirani wakasikia pia.

Nataka kukupa habari za mtumbwi wako. Umeshindana mwaka huu, na mimi nilikuwa ndani yake. Kaa vizuri huko uliko, maana kuna mahali utacheka, na kuna mahali ambapo hadi leo sijui ungesema nini.

Unakumbuka siku niliyofika kwako Nyabusozi? Nilitoka Ngara, kwenye kilima kinachotazamana na Kabanga, nikiwa na sanduku moja na maonyo ya mama yasiyohesabika. Mwanao Deo nilikutana naye Ngara mjini, akiwa fundi ujenzi, anajenga vyumba nyuma ya stendi. Aliponiambia kwao ni wakulima nikaridhika. Migomba naijua, maharage nayajua, kahawa pia nimeichuma tangu nikiwa na meno ya utoto. Kumbe alikuwa amenificha kwamba baba yake ana mguu mmoja shambani na mwingine ziwani. Hakusema kwamba kila kiangazi, maharage yakishaingia ndani, nusu ya familia inashuka mwaloni, ufuoni inapotia mitumbwi, na kukaa wiki nane, wanawake wakianika dagaa, na wewe ukivusha watu, ndizi na mbao kwenye ghuba kwa mtumbwi wako mkubwa wa tanga. Maji makubwa niliyoyajua mimi ni mto Ruvubu, nao tulikuwa tunautazama kutoka mlimani, kwa heshima na kwa mbali.

Onyo kubwa la mama lilikuwa moja. Alinishika mkono jioni ya kuamkia harusi akaniambia, “Jina la baba mkwe wako lisipite mdomoni mwako. Akiwepo, asipokuwepo, hata akifa.” Kwetu Wahangaza ndivyo tulivyolelewa. Mama mwenyewe amezeeka bila kulitaja jina la babu yangu. Akibanwa sana husema “yule wa nyumba ya juu,” na sisi watoto tulidhani ndilo jina lake.

Huku kwenu nilikuta mambo yamelegea. Wake za watu walikuwa wanawataja wakwe zao hadharani kama wanaita wauza nyanya. Mke wa shemeji Faustini alikuwa anakuita kwa jina lako kutoka jikoni hadi zizini na hakuna aliyeshtuka. Mimi nikashika la kwetu. Wiki mbili zikapita, tatu, ukaona yule mtu wa mlimani hakutaji, hakupiti mbele, hakutazami machoni. Siku moja nikiwa nachambua maharage uani, ulisimama karibu na mbuzi uliyemfunga kwenye mwembe wa jirani, ukamwambia yule mbuzi, “Huyu amelelewa.” Basi. Ukaondoka zako. Nilifurahi kwa siku tatu kwa sifa niliyopewa kupitia mbuzi.

Tangu hapo nawe ukashika upande wako. Nyumbani uliongea na mbuzi, shambani uliongea na jembe, na mwaloni uliongea na mtumbwi. “Jembe, waambie mistari ya maharage isibanane.” Nami nikawa nabananua mistari. Deo alikuwa anatucheka hadi anakaa chini. Aliniambia tungeweza kuokoa muda mwingi wa maisha yetu kama tungesalimiana tu na kuongea kama watu. Nilimwambia muda tunao.

Ngoja nikuungamie moja ambalo hukulijua. Siku moja niliitwa ofisi ya kata kujaza fomu, na karani akaniuliza jina la baba wa mume wangu. Nikamwambia siwezi kulitaja. Akanitazama, akauliza kama najua kusoma. Nikamwambia nimemaliza kidato cha nne. Akazidi kuchanganyikiwa. Mwisho nilitoka nje nikamwita kijana wa bodaboda aliyekuwa anakufahamu, nikamwomba aingie ndani, ataje jina lako, atoke. Aliingia, akalitaja, akatoka, akaniambia kwa huruma, “Mama Goreti, pole, nawe umeanza kusahau mapema.” Kijana yule hadi leo akinipita barabarani anapunguza mwendo na kunisalimia polepole kama mgonjwa.

Ila kama kuna siku moja ninayoishika kuliko zote, ni ile ya homa ya mjukuu wako Goreti. Alikuwa na miaka miwili. Tulikuwa mwaloni, Deo alikuwa kazini Ngara. Mtoto alichemka tangu alfajiri, kufika saa nne macho yakaanza kugeuka, gari la kwenda mjini limeshaondoka, na zahanati ya karibu zaidi iko ng’ambo ya ghuba. Ulikuja ukasimama nje ya kibanda chetu, umenipa mgongo, ukaliambia kafi lililoegemea ukutani, “Tunavuka. Mtoto na mama yake wanapanda.” Mama mkwe akaanza kusema kwamba upepo ni mkubwa na kwamba mwanamke hapandi mtumbwi mwaloni hapa, watu watasema. Wewe ulishaanza kuteremka.

Nilikaa katikati, mtoto mgongoni, uso wangu kuelekea mbele ili nisikutazame wewe uliyeshika usukani nyuma. Nilikuwa naogopa. Maji yakaanza kuingia, na wewe ukasema kwa sauti ileile ya kila siku, “Mtumbwi, kidumu kilichokatwa kiko chini ya ubao.” Nikakipata. “Mtumbwi, mwambie asisimame. Achote akiwa amepiga magoti, amwage upande usio na upepo.” Nikapiga magoti nikachota. Nilichota hadi nikasahau kuogopa. Tulipokaribia ng’ambo ukasema, “Mtumbwi, mtu wako huyu ana mkono.” Nilitabasamu nikiwa nimetazama mbele, kwa hiyo hukuona.

Goreti alipona. Sasa ni mrefu kunishinda, yuko bweni Biharamulo na anajifanya hapendi dagaa. Na mimi tangu kiangazi kile nikawa mtu wa kumwaga maji. Watu walisema kweli, kama alivyotabiri mama mkwe, wakachoka. Ulinifundisha kushona tanga kwa magunia ya nailoni, mshono mara mbili, kwa kuuambia mtumbwi jinsi unavyotaka kushonewa. Ulinifundisha kuusoma upepo unapokuja kwa kuangalia maji yanavyobadilika rangi. Nilijifunza vyote hivyo bila kusomeshwa, nilisikiliza tu mtu anayeongea na mbao.

Halafu masika ya mwaka jana ukaugua, ukawa hutoki kitandani. Mtumbwi ulikuwa mbali, mbuzi tulikuwa tumewauza, chumbani mlikuwa na kitanda na kiti tu. Nilikuwa nakuletea uji nauweka kwenye kiti nikitazama mlango. Siku ile ya mwisho nilisikia unahangaika, unatafuta pa kuyaweka maneno. Ukasema, “Kikombe, asante.” Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko. Sikutaka mtu anione, ila wewe nakuambia.

Sasa habari yenyewe.

Tulipokuzika, Faustini akachukua usukani kama ilivyotakiwa. Ni mwanao wa kwanza na anaujua upepo, hilo silipingi. Lakini kiangazi kilipofika hakuniita, wala cha mwaka huu. Aliwachukua Masalu na Mabula, wale ndugu wawili wa mwaloni, na Deo wa kumwaga maji. Nami nikabaki kwenye vichanja vya dagaa, nikiuona mtumbwi unatoka asubuhi na kurudi jioni. Niliumia tu, baba, na niliumia vibaya. Nilikuwa nimezoea kuwa na mahali pangu ndani yake, na nikaona mahali penyewe nilikuwa nimepapata kwa hisani yako, na wewe hupo.

Wiki mbili kabla ya mashindano Deo alianguka na bodaboda akitoka Biharamulo, bega likatoka. Usiogope, limerudi, analalamika tu. Unayajua yale mashindano ya mitumbwi ya matanga: kutoka mwaloni hadi kwenye jiwe lenye minandi, wale ndege weusi wa ziwani, kulizunguka, na kurudi. Mwaka huu zawadi ya kwanza ilikuwa tanga jipya la turubai zito, limeshonwa tayari, na letu lina viraka kuliko suruali ya Masalu. Faustini alikuwa analitaka lile tanga hadi usingizini. Akamtafuta mtu wa kuziba nafasi ya Deo, hakupata. Kila mwenye mikono alishakuwa kwenye mtumbwi mwingine.

Nikaenda nilipomkuta anapakaa mafuta kamba. Nikamwambia, “Shemeji, mimi nipo.”

Akasema, “Mashindano siyo kuvusha ndizi.”

“Maji yanaingia vilevile.”

Akarudi kwenye kamba yake. Masalu ndiye aliyeniokoa. “Huyu mama anamwaga kuliko Deo. Harafu ni mwepesi. Na haongei ongei.” Hilo la mwisho nililipokea bila kutoa maoni.

Faustini akanikubalia kwa sharti, na alilisema mbele ya watu ili lisimame. “Nakupakia safari hii moja. Ukituangusha, Mama Goreti, mtumbwi huu usiniombe tena.” Nikaitikia. Nilijua ninachoweka mezani.

Mitumbwi ilikuwa tisa. Katibu wa mwalo, yule mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kufunga na uzi, aliketi na daftari lake chini ya turubai, akasoma taratibu. Ile uliyoijua haijabadilika: mitumbwi mitatu inaitwa “Asante Mungu,” wetu ukiwa mmojawapo, kwa hiyo haiandikwi kwa majina ya ubavuni. Mtu wa mbele anaruka, anakimbia hadi mezani, anataja jina la mwenye mtumbwi, katibu anaandika kwa kufuatana. Asiyetaja hajafika. Mtu wetu wa mbele alikuwa Mabula. Mimi kazi yangu katikati, na kidumu changu. Sikulifikiria kabisa lile suala la kutaja. Hata Faustini hakulifikiria.

Tulitoka vizuri. Upepo wa kusini ulikuwa umeamka mapema, tanga letu la viraka likajaa, na nikasikia ule mtetemo wa mbao chini ya magoti ambao sikuwa nimeusikia tangu uugue. Nilitaka kucheka kwa sauti. Masalu aliimba, vibaya kama kawaida yake. Kwenye jiwe la minandi tulikuwa wa nne, na tulipozunguka, Faustini akatuhamisha wote upande mmoja, viroba vya mchanga vya kusawazisha uzito vikasukumwa, mtumbwi ukalala ubavu hadi nikaona maji yakipita karibu na pua yangu. Hapo mshono mmoja wa mbao za chini ukaachia. Maji hayakuingia kidogo kidogo, yalipanda. Nikavua kitambaa changu cha kichwa nikakikandamiza kwenye ule mwanya kwa kisigino, mguu mmoja umeziba, mikono miwili inachota. Faustini aliniona. Nami nilimwona ananiona.

Tukampita wa tatu. Tukampita wa pili. Ufuo ukiwa unakaribia, upepo ukazidi, kamba ya tanga ikamshinda Masalu peke yake, na Mabula ikabidi arudi nyuma kuishika naye. Mbele pakabaki wazi. Faustini akapiga kelele, “Mama Goreti, mbele! Nenda mbele!”

Nikaenda. Tulikuwa tumempita na wa kwanza kwa urefu wa mtumbwi mmoja, labda na nusu. Niliruka, maji yakanifika magotini, nikakimbia na sketi iliyolowa, watu wanapiga vigelegele, wanawake wa vichanjani wanaita “Maawe! Mama Goreti!” na mimi nikafika mezani wa kwanza, baba. Wa kwanza kati ya mitumbwi tisa. Katibu akainua kalamu.

“Wa nani?”

Jina lako nililijua. Watu wengine wanasema nilisahau kwa haraka, waache waseme. Lilikuwa pale ulimini, lote, na mdomo ukakataa kufunguka.

Nikasema, “Wa baba mkwe wangu.”

Katibu akasema, “Mama, hapa kila mtu ana baba mkwe.”

Watu wakacheka. Nikasema, “Babu yake Goreti.”

“Goreti gani? Taja jina.”

Nyuma yangu nikasikia miguu majini. Mtu wa mtumbwi mwingine akafika, akataja, akaandikwa. Mwingine akafika, akataja, akaandikwa. Mimi nimesimama pale, maji yananitoka kwenye sketi, na ningeweza kulitaja. Ni neno moja. Hakuna mama yangu pale, hakuna mtu wa Ngara hata mmoja. Nilikuwa nauona mtumbwi unaondoka kwangu, na bado nikashindwa, au nikakataa. Sijui ni lipi. Faustini alikuja mbio akalipaza jina lako hadi minandi walipo. Tukaandikwa wa tatu.

Zawadi ya tatu ilikuwa ndoo mbili na kamba.

Hasira za Faustini unazijua, umezizaa. “Neno moja tu! Mtu unafika wa kwanza unasimama kama nguzo ya umeme!”

“Siwezi, shemeji.”

“Amekufa, Mama Goreti! Hasikii!”

“Mimi nasikia,” nikamwambia.

Akageuka akaenda kukaa peke yake juu ya viroba. Nami nikaenda kwenye vichanja vyangu nikaanza kuwageuza dagaa ambao hawakuhitaji kugeuzwa. Sikujuta, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilihuzunika kwa ajili ya lile tanga, nilihuzunika kwa Masalu na Mabula walioshika kamba hadi viganja vikachubuka. Nilihuzunika kwa mtumbwi, kwa sababu sharti lilikuwa sharti na nilikuwa nimewaangusha. Lakini kama ningerudishwa pale mezani, ningefanya vilevile. Heshima ile ndiyo ilikuwa njia yetu ya kupendana, wewe na mimi, hatukuwa na nyingine. Ningeiuza kwa turubai?

Halafu nikawaza, labda wewe ungependa nilitaje. Labda ungemwambia mtumbwi, “Mwambie huyu mtu aache ujinga, aseme.” Hilo ndilo ninalokuuliza, na najua hunijibu.

Saa tisa mama mkwe alituita kula. Ugali, sato, na ndizi nilizokuja nazo kutoka shambani. Hata Masalu hakuimba. Ndipo katibu akaja na daftari lake kwapani, akaomba radhi kwa kutukatiza, akasema kuna jambo la kuweka sawa. Mwenye mtumbwi ni marehemu, mwaka umepita, na daftari la mwalo halitakiwi kubaki na jina la mtu aliyetangulia. Aandike nani?

Wote tukamtazama Faustini. Ni wake, nani angebisha? Deo mwenyewe alishampa mkono tangu arobaini. Faustini akamega tonge, akalibonyeza, akalitazama muda mrefu kana kwamba limemkosea.

Akasema, “Mwakani wa mbele atakuwa huyu. Anaruka vizuri, anakimbia vizuri. Mabula abaki kwenye kamba.” Halafu akanielekeza kwa kidevu. “Sasa andika jina ambalo anaweza kulitamka.”

Katibu hakuelewa. Mimi nilielewa.

“Muandike yeye,” mama mkwe akasema. “Mtumbwi ni wa nyumba nzima, jina la daftarini ni la kuitia tu. Muandike.”

Deo alianza kucheka hadi bega likamuuma. Masalu akapiga meza. Faustini akala tonge lake na kuniambia bila kunitazama, “Kesho tunavusha mbao. Saa kumi na mbili. Na utafute kitambaa kingine cha kichwa, kile nimekigongomelea kwenye mshono.”

Katibu akafungua ukurasa mpya, akaniuliza jina langu. Nikamwambia Mama Goreti. Akasema hapana, jina lako mwenyewe. Pale mwaloni, baba, kwa miaka kumi na sita, hakuna aliyekuwa analijua. Hata mama mkwe aliacha kula ili asikie. Nililitaja, akaliandika kwa mwandiko wake wa kialimu, akalipigia mstari.

Sasa nimerudi Nyabusozi. Maharage yako ndani, mahindi ya kuchelewa yanamaliziwa, Deo anabeba ndoo kwa mkono mmoja na kujisifu. Nina amani, kusema kweli. Bado lile swali nimekuuliza na bado sina jibu, lakini limekaa mahali pake, halinisumbui usiku. Jina lako halijapita mdomoni mwangu na halitapita. Ukisikia mwakani ufuoni mtu anapaza jina usilolifahamu mbele ya mtumbwi wako, usidhani umeuzwa kwa wageni. Ni mimi. Hukuwahi kuliuliza wala sikuwahi kukuambia, kwa hiyo nalileta hapa chini kwa mkono wangu mwenyewe.

Pumzika vizuri, baba.

Mkaza mwana wako,
Leokadia